Mama Mkwe Ndani ya Kanzidata

Elisha alikuja uani Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa nageuza mlenda juani. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, karatasi kwapani. Anaishi humu humu ndani kwangu, Miyuji, na asubuhi ile alikuwa amekunywa uji akiwa kifua wazi. Nikajua huyu anayekuja sasa si mjukuu, ni mtu wa ofisi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Si umeshanisalimia leo? Mbona umevaa hivyo, kuna msiba?"

"Nimekuja kukuhoji."

"Nimeiba nini?"

"Hujaiba kitu, Bibi. Ni utafiti. Wewe ni mhojiwa wangu namba moja, wa majaribio. Ijumaa nasimama mbele ya jopo."

Jopo lenyewe nilikuwa nimelisikia wiki nzima. Ni walimu watatu wa chuo chao. Mwanafunzi anasimama mbele yao, anaeleza anataka kuchunguza nini, na wao wanasema pita au rudi mwakani. Wiki iliyotangulia walikuwa wamewarudisha wawili. Na mama yake Elisha, binti yangu aliyeko Mpwapwa, alikuwa ameshalitangazia kanisa zima kwamba mwanawe anamaliza mwaka huu. Mwana akirudishwa, mama atabaki kusali nyumbani.

Elisha akasoma kichwa cha utafiti wake. Alivuta pumzi mara mbili katikati. Kilikuwa hivi: Sababu Zinazochangia Kuendelea kwa Ukaushaji wa Asili wa Mboga za Majani Miongoni mwa Kaya za Jiji la Dodoma, Mfano wa Kata ya Miyuji. Hicho ni Kiswahili, amenifupishia. Cha Kiingereza kilikuwa kirefu zaidi.

"Maana yake nini?" nikamwuliza.

"Kwa nini watu bado wanaanika mlenda."

"Si ungesema hivyo."

"Bibi, chuo hakisemi hivyo." Akakohoa. "Swali la kwanza. Jinsia ya mhojiwa?"

Nikamtazama. Mama yake nimemzaa mimi.

"Andika unavyoona," nikasema.

Akaandika. Akaniuliza umri, akaniuliza kaya ina watu wangapi wakati yeye mwenyewe ni mmoja wao, akaniuliza elimu. Alipofika la nne nikamwambia, "La saba utaniuliza kama nina friji."

Akafunua karatasi. La saba lilikuwa redio. Friji lilikuwa la nane.

"Bibi, umesoma dodoso langu?"

"Sijalisoma, nimelijibu. Mara mbili, nikiwa bado naishi Hombolo. Wa kwanza alikuja na pikipiki, wa pili alikuja na gari la kukodi."

Elisha akacheka kile kicheko cha kumhurumia mtu mzima. "Haiwezekani. Nimetafuta mtandaoni mpaka macho yakauma. Hakuna binadamu aliyewahi kufanya utafiti huu. Mimi ndiye wa kwanza. Hilo tunaliita pengo, Bibi. Kila utafiti lazima uwe na pengo lake."

Alilitamka hilo pengo kwa furaha kama mtu aliyeokota mbuzi asiye na mwenyewe. Nikaweka ungo chini.

"Sikujibu," nikasema. "Hata swali moja. Nenda kanitafute huko mtandaoni kwanza. Ukinipata, soma nilichosema, halafu njoo uniulize wasichoniuliza wenzako. Mimi nimechoka kuulizwa friji."

"Bibi, zimebaki siku tatu tu!"

"Basi anza sasa."

Akakaa kwenye kigoda, amenuna, simu mkononi, anaandika. Mimi nikaendelea na kazi, maana wingu lilikuwa linapanda upande wa Hombolo na mlenda ukinyeshewa umekwisha.

Saa kumi jioni akaja Asma. Huyu ni binti wa Kondoa, amepanga nyumba ya tatu kutoka kwangu, na ni mkutubi hapo hapo chuoni kwa Elisha. Kila mwezi anachukua kwangu mlenda wa kumpelekea mama yake. Elisha humsalimia kila siku, lakini kumwuliza jambo la kitabu hajawahi. Anaamini kazi ya mkutubi ni kugonga mihuri na kuwaambia watu wanyamaze.

"Mtafiti, mbona umeinama hivyo?" Asma akamwuliza.

"Natafuta makala, dada Asma. Hakuna."

Asma akachungulia simu yake. Kisha akaniita. "Bibi, njoo uone adabu ya mjukuu wako."

Elisha alikuwa ameiandikia mashine barua. Imeanza na tafadhali, ikafuata naomba makala zinazohusu, kikafuata kichwa chote cha utafiti, mfano wa kata ya Miyuji, na mwisho kabisa, asante. Kilichobaki ni kuweka sahihi.

"Unatafuta makala au unaomba kibali kwa Mkuu wa Wilaya?" Asma akasema.

"Nimefundishwa heshima," Elisha akajibu, akinitupia jicho.

Hapo nilikuwa na makosa kidogo. Mtoto huyu nimemlea mimi, na kwangu hakuna aliyepata chumvi bila kusema naomba. Lakini sikujua kwamba atakwenda kuipigia magoti simu.

"Mashine haina rika," Asma akasema. "Ukiiambia tafadhali, inakwenda kutafuta makala yenye neno tafadhali. Halafu hapo ulipo ni mtandao wa watu wote, si maktaba. Chuo kimelipia kanzidata, maghala ya makala yenye kufuli. Mlipewa nywila mwaka wa kwanza. Yako iko wapi?"

Elisha akatazama juu kama atakayeiona angani.

Nikaingia ndani. Kwenye kabati la vyombo, nyuma ya picha ya ubatizo wake, kulikuwa na kikaratasi alichorudi nacho kutoka chuoni miaka miwili nyuma. Nilikihifadhi kwa sababu kilikuwa na muhuri. Kitu chenye muhuri situpi. Nikamletea.

"Ndiyo hiyo," Asma akasema. "Miaka miwili imekaa na sahani."

Akaenda kwake kuleta kompyuta yake, tukakaa mezani watatu. Akamfungulia lile ghala, akamwachia Elisha. Elisha, kwa ushupavu wa ukoo wa babu yake, akaandika kichwa chote upya, safari hii bila tafadhali na bila asante. Ikatoka sifuri.

"Si mnaona? Pengo!" akasema.

"Hilo si pengo, huko ni kuita watu kwa jina ambalo hawakuwahi kupewa," Asma akasema. "Hakuna mtu duniani aliyeandika kichwa hicho. Ni chako wewe peke yako. Kivue suti. Sababu zinazochangia, toa. Miongoni mwa kaya, toa. Mfano wa kata, toa. Kimebaki nini?"

"Mboga," Elisha akasema, akaandika mboga kwa Kiingereza, akabonyeza kabla hajaruhusiwa.

Zikatoka laki nane na ushee. Ya kwanza ilihusu kabeji za nchi yenye theluji. Elisha akashangilia.

"Zimepatikana, Bibi!"

"Utazisoma lini?" nikamwuliza. "Jopo ni Ijumaa."

Asma akamvutia kompyuta upande wake. Akamwonyesha kufunga maneno mawili kwa alama za semi ili yasiachane njiani. Akamwonyesha kuunga jambo na jambo kwa neno la NA, ili ije makala yenye yote mawili. Na pale ambapo watu wanakiita kitu kimoja kwa majina mbalimbali, akaunga kwa AU: kukausha au kuhifadhi, Dodoma au Ugogo au Tanzania ya kati. Hata mlenda wenyewe akautafutia majina yake ya kisayansi, akayaweka. Nilisikitika. Miaka yote nauchuma, sikujua unaitwa hivyo.

Laki nane zikashuka zikawa mia tatu na kumi na mbili.

Elisha, kwa kiherehere, akaongeza Miyuji. Sifuri.

"Mbona hunisikilizi?" nikamwambia. "Nilihamia Miyuji wewe ukiwa darasa la tano. Walionihoji walinikuta Hombolo. Wewe unanitafuta mahali nilipo leo."

Akafuta Miyuji, akaandika Hombolo. Zikabaki kumi na tisa. Tukazipitia. Bwawa, samaki wa bwawa, zabibu, matope ya bwawa, mbu wa bwawa, zabibu tena. Elisha akaanza kupiga miayo.

"Hao watafiti hawaandiki majina ya watu, Bibi," Asma akasema. "Humo utakuwa namba tu. Je, ulisema jambo lolote ambalo mwingine hawezi kusema? Neno adimu linashika kuliko neno la kawaida. Mboga zinasemwa na kila mtu."

Jambo lilikuwepo. Sikupenda kulitaja mbele ya mjukuu.

"Andika mama mkwe," nikasema.

Wakageuka wote wawili.

"Mama mkwe na mboga wapi na wapi?" Asma akauliza.

Basi nikawaambia. Yule wa kwanza, wa pikipiki, aliitwa Ebenezer. Alikuja wingu limetanda, mlenda wangu uko nje, na ana maswali arobaini. Swali moja alikuwa analiuliza mara tatu kwa maneno tofauti, anasema ni kwa ajili ya kuhakiki. Aliponiuliza mara ya tatu ni kitu gani huharibu mlenda wakati wa kuanika, nilimwambia, mwanangu, mlenda ukiuanika mama mkwe akiwa amekaa uani, unakuwa mchungu.

"Kwani si kweli?" Elisha akauliza.

"Mama mkwe alikuwa amekaa pale pale, mita mbili, ananitazama! Nilikuwa namtania yeye. Alinirushia mwiko. Yule kijana hakucheka. Aliinama, akaandika, akaniuliza, mchungu kiasi gani."

Asma alicheka mpaka akashika meza. Kisha akafuta machozi, akaandika mama mkwe kwa Kiingereza, akaunga na mboga kukaushwa, akaunga na Dodoma.

Zikatoka tatu.

Asma akatusomea, anatafsiri. Ya kwanza ilikuwa ya Ebenezer, ina miaka zaidi ya ishirini. Ukurasa wa tatu: hakuna utafiti uliowahi kufanywa kuhusu jambo hili. Ukurasa wa arobaini na moja: mhojiwa namba kumi na nne alisema kwamba mlenda huwa mchungu ukianikwa mbele ya mama mkwe.

"Kumi na nne ni mimi," nikasema.

Ya pili ilikuwa ya yule wa gari la kukodi. Nilimkumbuka vizuri, alikula sahani mbili. Naye aliniuliza, je, ni kweli kuhusu mama mkwe? Nilikuwa nageuza majani, nikacheka, nikasema eeh. Ukurasa wa tatu: hakuna utafiti wa kina uliowahi kufanywa. Mbele kidogo: baadhi ya wanawake wa eneo hili wanaamini kwamba uwepo wa mama mkwe huathiri ladha.

"Baadhi ni mimi tena," nikasema.

Ya tatu ilikuwa ya dada mmoja, Paulina, ambaye kwangu hakufika wala Hombolo hakufika. Amesoma hao wawili tu. Ukurasa wa tatu: hakuna utafiti wa kina wa hivi karibuni. Kisha: ni imani iliyoenea miongoni mwa wanawake wa Tanzania ya kati kwamba ukaushaji wa mboga hauna budi kufanyika mbali na mama mkwe, na huenda hiyo ndiyo sababu nyumba za asili zilijengwa kwa kuachiana nafasi.

Nyumba zetu! Mwiko mmoja uliorushwa Hombolo umeshakuwa ramani ya nyumba za mkoa mzima.

Elisha hakucheka. Alikuwa amerudi kwenye ile ya pili, anatazama jina la mwandishi. Rangi ilimtoka.

"Ni Dokta Ludovick," akasema. "Mwenyekiti wa jopo."

Nikaelewa wale wawili walirudishwa na nani.

"Ningesimama mbele yake," Elisha akasema polepole, "nimwambie hakuna aliyewahi kuandika."

"Na angekupitisha mwakani," Asma akasema.

"Sasa nikimwambia nimeiona, lakini jambo la mama mkwe ni mzaha wa bibi yangu, si ataniangusha vile vile? Anatufundishia hilo darasani! Limo kwenye mtihani!"

"Ulijibuje kwenye mtihani?" nikamwuliza.

"Nilipata."

"Basi na mimi nimekusaidia kusoma."

Asma akamwambia aandike kila kitu: ametafuta ghala gani, kwa maneno yapi, tarehe gani, amepata nini. Mtu akikubishia, mpe njia uliyopita, naye apite aone. Elisha akaandika siku mbili. Alhamisi jioni akanijia na karatasi zake, bila kalamu mfukoni, akakaa chini kabisa.

"Bibi, nikimficha nitapita kwa urahisi."

"Utapita. Halafu wajukuu zako watajengewa nyumba mbali na mama mkwe."

Ijumaa nilikwenda chuoni na Asma. Elisha alinikataza, lakini mimi nilikwenda kutembelea maktaba. Kama maktaba na chumba cha jopo vinatazamana, hilo aulizwe aliyejenga. Asma aliniwekea kiti kwenye korido. Mlango haukufungika vizuri.

Elisha alianza vizuri. Alitaja tafiti tatu, akaitaja na ya mwenyekiti kwa heshima zote, na ndani kukasikika mtu anakohoa kwa raha. Kisha akasema la mama mkwe. Akaonyesha lilivyotoka kwa mhojiwa mmoja, likawa baadhi, likawa mkoa. Akasema chanzo chake ni mzaha.

Kiti kikakwaruza sakafu.

"Bwana Elisha," ikasema sauti nene, "una uthibitisho gani kwamba ni mzaha?"

"Mhojiwa mwenyewe yupo, mheshimiwa. Yupo nje."

Sikungoja kuitwa mara ya pili. Niliingia. Dokta Ludovick amenenepa, lakini ni yule yule. Akasimama nusu, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ulikula kwangu sahani mbili, ukasema kitabu kikitoka utaniletea nakala. Nikajua umepata ajali."

Mwalimu mmoja akaangalia dirishani. Dokta akapangusa miwani.

"Mama, nakushukuru sana. Lakini ujue, mimi nilinukuu kutoka kwenye andiko lililotangulia. Na wewe mwenyewe nilipokuuliza, ulikubali."

"Nilicheka."

"Kwenye dodoso hapakuwa na sehemu ya kicheko." Akamgeukia Elisha. "Tatizo letu ni kwamba kauli hii ya mama haijachapishwa popote. Jopo haliwezi kuipokea bila marejeo."

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoishia. "Kwa hiyo mdomo huu huu," nikasema, "ukisema uongo uani unaandikwa vitabu vitatu, ukija kusema kweli ofisini unaombwa karatasi?"

Nilitolewa nje kwa heshima. Nilipewa na soda.

Walikaa muda. Elisha alipotoka, makwapa yamelowa, nilisimama.

"Nimepita," akasema. "Na marekebisho mawili. Neno mzaha nilitoe, niweke taarifa isiyothibitishwa. Na pengo langu lirudi. Niandike kwamba hakuna utafiti wa kina uliowahi kufanywa."

"Na umekubali?"

"La kwanza nimelikataa. Nimewaonyesha maneno niliyotafutia, nikawaambia waandike wenyewe waone. Mmoja akaandika pale pale kwenye simu yake, akacheka kwa sauti. Wakaliacha." Akajipangusa uso. "La pili nimekubali. Bibi, nilitaka kumaliza mwaka huu."

Sikumlaumu. Siku ile ile tulimpigia mama yake, naye akapiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza.

Mwezi wa kumi Elisha akaniletea nakala, imejalidiwa, jina lake mgongoni. Ni ya kwanza kati ya zote kunifikia. Imeandikwa Kiingereza, kwa hiyo ninaisoma kwa njia ya Asma: nashika neno moja ninalolijua, nashuka nalo kwa kidole. Mlenda umo mara sitini na tatu. Hombolo mara kumi na moja. Nilimwomba Elisha anionyeshe ukurasa wa tatu, nikaweka kidole pale pa hakuna utafiti wa kina.

"Wewe ni wa nne kuwa wa kwanza," nikamwambia.

Akainamisha kichwa, akacheka.

Siku ile Asma alikuwa amekuja na kompyuta yake, nikamwambia atafute tena kama mara ile. Akaandika. Zikatoka nne. Mama mkwe, aliyefariki miaka kumi na miwili iliyopita bila kuigusa kompyuta, yumo ndani ya zote nne, kwa Kiingereza, ametajwa wazi mpaka na kiti alichokalia. Mimi niliyemtaja, niliyerushiwa mwiko, ni namba kumi na nne huku, baadhi kule, na kwa mjukuu wangu mwenyewe ni mhojiwa namba moja. Hata humo amenishinda.